Shokapu za Gari la Porini: Nasaha kwa Wenye Magari wa Songwa na Ukanda wa Dhahabu

Msafiri atokaye Shinyanga mjini kwa njia ya Mwanza, akaiacha lami pale Maganzo, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, na kushika njia za vumbi za Songwa na vijiji vingine vya Wilaya ya Kishapu, hupita katika mwendo wa kilomita chache tu juu ya udongo wa namna tatu, na kila mmoja una adha yake. Juu, penye vilima vya mawe, pana mchanga wa luseni ambao magurudumu hudidimia na injini hulalama. Katikati pana itogolo, ardhi kavu isiyonyonya maji, ambayo wakati wa kiangazi huupiga uti wa mgongo wa gari bila ya huruma. Na chini pana mbuga, udongo mweusi ambao mvua ikinyesha huvimba na kunasa kila kitu, na jua likiwaka hupasuka nyufa na kukauka katika umbo lile lile la mashimo na mifereji lililoachwa na magurudumu ya masika.

Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, aliyesafiri sehemu nyingi za Tanganyika kati ya mwisho wa mwaka 1935 na mwanzo wa 1936, ndiye aliyewafahamisha wanazuoni wa dunia kwamba udongo wa nchi hizi hufuatana kwa taratibu ile ile kutoka kilimani hadi bondeni, na mfuatano huo akaupa jina la katena, ambalo wataalamu wanalitumia hata leo. Lakini Wasukuma walikuwa wamekwisha kuujua udongo wao na kuupa kila mmoja jina kabla ya Milne kupita, kwa kuwa mkulima wa pamba na mchunga ng'ombe hawana budi kujua wanakanyaga wapi. Dereva naye hana budi.

Hana budi hasa kwa sababu gari lake halikai Songwa siku zote. Wiki hii litabeba mbegu na dawa za pamba Kishapu. Wiki ijayo litapita Kahama kwenda Kakola, karibu na mgodi wa Bulyanhulu, kisha Geita, Katoro na Nyarugusu, likichukua dizeli, pampu za maji na watu kwenda machimboni, na kurudi na viroba vya mawe ya dhahabu kutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, hadi kwenye karasha, mashine ya kupondea mawe. Gari la namna hiyo, aghalabu Toyota Land Cruiser, ile iliyozoeleka kwa jina la mkonga, au pikapu ya ukoo wake, hutoka kiwandani na shokapu zilizopimwa kwa ajili ya dunia nzima, na dunia nzima si Songwa. Shokapu hizo zikifa, mwenye gari huingia dukani kutafuta nyingine, na hapo ndipo israfu na majuto huanza. Nia ya makala haya ni kumsaidia achague kwa ilimu, na neno kubwa nitakalolitetea ni moja: shokapu huchaguliwa kwa uzito wa mzigo na tabia ya njia, wala haichaguliwi kwa ugumu wake, kwa rangi yake, wala kwa sifa za jina lake.

Kazi ya shokapu

Watu wengi hudhani kwamba shokapu ndiyo inayobeba gari. Kinachobeba gari ni springi, iwe ya kuzunguka kama iliyo mbele ya Land Cruiser za siku hizi, au ya mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine kama iliyo nyuma ya pikapu. Springi ikikandamizwa na shimo huimeza nguvu, kisha huirudisha; na lau ingeachwa peke yake, ingepanda na kushuka mara nyingi kabla ya kutulia, gurudumu likiruka na kuiacha ardhi kila mara, na gurudumu lililo hewani haliendeshwi kwa usukani wala halisimamishwi kwa breki. Shokapu imewekwa kuituliza springi. Ndani ya mwili wake mna pistoni itembeayo katika oili, kama pistoni ya pampu ya baiskeli itembeavyo katika hewa, ila kwamba pistoni hii ina vitundu na valvu ambamo oili hulazimishwa kupenya kwa shida, na shida hiyo ya kupenya ndiyo inayoila nguvu ya springi na kuigeuza kuwa joto.

Kutokana na maelezo hayo mafupi, mambo mawili yanadhihiri. La kwanza ni kwamba shokapu ni mtumishi wa springi, na mtumishi hachaguliwi kabla ya kujulikana bwana wake ni nani. La pili ni kwamba joto si ajali katika shokapu; joto ndilo zao la kazi yake, na shokapu isiyoweza kulitoa joto lake nje haiwezi kudumu katika njia zetu, hata ikiwa imenunuliwa kwa bei ya ng'ombe wawili.

Joto na vituta

Tuchukue njia ya vumbi iliyojipanga vituta vidogo vidogo, kimoja kikiwa umbali wa sentimita 75 hivi kutoka kwa chenzake. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa huvipita vituta karibu 30 katika kila sekunde, na likienda hivyo saa moja nzima, kila shokapu imekwisha kushindiliwa na kuvutwa zaidi ya mara laki moja. Oili iliyomo ndani hupata moto, na ikipata moto huwa nyepesi. Na katika shokapu za kawaida, ambazo oili hukaa pamoja na hewa, vitu hivyo viwili huchanganyika kwa kutikiswa, oili ikawa povu, na pistoni ikatembea ndani ya povu bila ya kukutana na upinzani wowote. Dereva huanza kuhisi nyuma ya gari ikihama upande katika kona ambayo asubuhi aliipita salama. Akisimama saa moja kupumzika, povu hutulia, oili hupoa, na gari hurudia adabu yake; naye hudanganyika kwamba kasoro ilikuwa ya njia.

Wako madereva, tena wazoefu, wanaoshikilia kwamba dawa ya vituta ni kuvikimbilia, na ni kweli kwamba katika kilomita 70 au 80 kwa saa gari huonekana kutulia, kwa sababu magurudumu hugusa vilele tu bila ya kuzama katika vibonde. Lakini gurudumu ligusalo vilele tu limekwisha kuiacha ardhi kwa sehemu kubwa ya safari, na siku atakapotokea mtoto na mbuzi wake njiani, breki zitakanyagwa na gari halitasimama. Fauka ya hayo, mwendo huo ndio unaoizaa adha yenyewe. Wanafizikia waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2007 walipitisha gurudumu juu ya mchanga katika maabara, wakaona vituta vikijitokeza hata kwa gurudumu lisilo na springi wala shokapu, mradi mwendo umepita kiasi fulani. Na mwendo ukiwa chini ya kiasi hicho, mchanga ulibaki laini. Maana yake ni kwamba hakuna shokapu iliyotengenezwa wala itakayotengenezwa ya kutuondolea vituta, na kwamba mwenye kununua shokapu bora ili apate kukimbia zaidi anailipia njia mbovu ya kesho.

Ipo njia nyepesi ya kujua ni shokapu gani imechoka, nayo haihitaji chombo chochote. Baada ya mwendo mrefu wa njia mbovu, dereva husimamisha gari, huinama nyuma ya kila gurudumu, na kukisogeza kiganja chake karibu na mwili wa shokapu, polepole, bila ya kuushika ghafla, maana huweza kuunguza. Shokapu nzima huwa na moto, na zilizo katika ekseli moja moto wao hukaribiana. Akiikuta moja imepoa ilhali mwenziwe inaunguza, hiyo baridi ndiyo iliyoacha kazi. "Tajiri, hii imekufa," fundi atamwambia, na akiifungua bolti na kuisukuma kwa mkono, itaingia na kutoka bila ya kupinga, ikitoa sauti ya maji machache ndani ya mtungi. Tairi la upande huo nalo halifichi siri: likipapaswa kwa mkono huonekana limeliwa kwa mabaka, hapa pana bonde, pale pana kilima, kwa sababu lilikuwa likidunda badala ya kubingirika.

Mzigo hupimwa kwanza

Kosa kubwa la wenye magari wa ukanda huu ni kwenda dukani kabla ya kwenda kwenye mizani. Ukimwuliza mwenye pikapu gari lake hubeba nini, atakujibu kwamba hubeba tani moja. Na pengine ni kweli kwa mujibu wa kiwanda, lakini si kweli kwa mujibu wa machimbo. Pipa la lita 200 likijaa dizeli huwa na kilo 170 hivi za mafuta peke yake, kabla ya kuhesabu uzito wa pipa lenyewe. Mapipa manne yamekwisha kukaribia robo tatu ya tani. Viroba 20 vya mawe, kila kimoja kilo 50, ni tani nzima, na bado hajahesabiwa dereva, wala wapakiaji watatu walioketi juu ya viroba, wala matairi mawili ya akiba, wala jenereta. Na ikiwa mbele pamefungwa bampa la chuma na winchi, springi za mbele zimeongezewa kilo nyingine 100 na zaidi ambazo kiwanda hakikuziweka katika hesabu.

Basi gari lipimwe mara mbili, likiwa tupu na likiwa na mzigo wake wa kila siku, na kila mara ekseli ya mbele ipimwe peke yake na ya nyuma peke yake. Mizani ya magari si adimu katika nchi ya pamba na madini: viwanda vya kuchambua pamba vinayo, migodi inayo, na TANROADS wanayo katika barabara kuu. Hesabu hiyo ndogo ya namba nne ndiyo itakayomwambia mwenye gari achague springi gani, na springi ndiyo itakayomwambia achague shokapu gani. Atengenezaye kinyume cha hivyo, akaweka shokapu mpya juu ya springi zilizolala, amewavalisha viatu vipya watu waliovunjika miguu.

Gari lenye mzigo wa daima, kama gari la fundi mitambo lenye sanduku la spana na mashine ya kuchomea lisiloshuka mgongoni mwaka mzima, lafaa kupewa springi nzito na shokapu iliyopimwa kuendana nazo. Gari liendalo tupu na kurudi limejaa lina mashaka zaidi, kwa kuwa springi ya kufaa mzigo hurusha gari tupu, na springi ya kufaa gari tupu hulala chini ya mzigo. Kwa gari kama hilo, dawa iliyo karibu na insafu ni springi ya mabamba yenye bamba nene la chini, lisiloanza kazi mpaka mzigo uingie, pamoja na shokapu ya wastani. Na madereva wakubali kwenda polepole zaidi katika safari iliyo nzito.

Yapo mambo mengine mawili ya kupima, nayo hupimwa kwa futi ya fundi. Shokapu iliyoshindiliwa kabisa lazima iwe na nafasi iliyobaki wakati raba ya kikomo, ile iliyo chini ya chesisi, imekwisha kugusa ekseli. Kwa maana ikiwa shokapu ndiyo itakayofika mwisho kwanza, uzito wote wa gari utaangukia pistoni na vishikio vyake, na vishikio vitakatika. Na shokapu iliyofunguka kabisa isiwe fupi kuliko mwendo wa ekseli wa kushuka, la sivyo ekseli itaning'inia kwenye shokapu kila gurudumu liingiapo korongoni. Mwenye kuinua gari lake kwa sentimita tano ili lipite juu ya matope ya mbuga ni lazima aupime upya urefu huu wote, aziangalie na bomba za breki kama zinatosha, na akumbuke kwamba gari lililoinuliwa hupinduka upesi kuliko lilivyokuwa.

Ugumu si nguvu

Huko dukani mteja huinyanyua shokapu, huisukuma kwa kifua chake chote, na ikikataa kuingia husema, "Hii ni nzuri, ngumu." Kipimo hicho ni batili. Shokapu hufanya kazi katika mwendo wa pande mbili, wa kushindiliwa na wa kufunguka, na katika magari mengi upinzani mkubwa umewekwa katika kufunguka, kwa sababu huko ndiko springi inakotaka kurudisha nguvu zake. Shokapu iliyo ngumu kupita kiasi katika kushindiliwa hulizuia gurudumu lisipande juu ya jiwe, na gurudumu lisilopanda hulipandisha gari zima. Na iliyo ngumu kupita kiasi katika kufunguka huichelewesha springi, hata gurudumu likakutana na kituta cha pili kabla halijarudi kutoka cha kwanza, na gari likazidi kuzama kidogo kidogo mpaka likaanza kugonga raba.

Historia ya mashindano ya magari ya Afrika Mashariki inatoa ushahidi. Mashindano yale, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, yalishindwa na gari la Peugeot 404 katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, kisha na Peugeot 504 katika 1975 na 1978. Kila aliyepata kupanda teksi za Peugeot za zama zile anakumbuka kwamba zilikuwa laini, zenye springi za mwendo mrefu, zikiyapokea mashimo kwa upole. Na magari hayo hayo yaliyachosha yaliyokuwa magumu na yenye mbio zaidi, kwa kuwa gari lisilojivunjavunja hufika.

Lakini ushahidi ulio mzito kuliko wa mashindano ni wa gari la wagonjwa. Katika vijiji vya Kishapu na vya Geita, mama mwenye uchungu wa kuzaa hupelekwa hospitali kwa Land Cruiser, amelazwa nyuma, juu ya ekseli yenyewe, mahali panapotupwa sana. Mtu akifunga shokapu ngumu za kubebea mawe katika gari hilo, kwa hoja kwamba zitadumu, kila kituta kitampiga mama huyo pamoja na kiumbe alicho nacho, na muuguzi hataweza kumshika mshipa wala kumwekea dripu. Wenye dhamana ya magari hayo na waifikirie njia, na zaidi ya njia wamfikirie aliyelala nyuma. Gari la wagonjwa linahitaji springi za uzito wake halisi, ambao ni mdogo, na shokapu laini katika kushindiliwa, imara katika kufunguka, zenye oili nyingi ya kustahimili joto.

Aina zilizopo dukani

Shokapu zinazopatikana kwa magari haya ni za namna tatu kwa ujumla. Ya kwanza ni ya mabomba mawili, moja ndani ya jingine: pistoni hutembea katika la ndani, na oili ya ziada pamoja na hewa, au gesi ya nitrojeni ya nguvu ndogo, hukaa katika la nje. Hii ndiyo ya kale na ndiyo iliyoenea, na katika daraja hili zimo nyingi za KYB ya Japani, Monroe ya Marekani na Koni ya Uholanzi. Fadhila yake kubwa ni kwamba jiwe likiupiga mwili wake na kuubonyeza, bomba la ndani hubaki salama na kazi huendelea. Upungufu wake ni joto, kwa sababu moto wa bomba la ndani hauna budi kupita katika oili ya nje kabla ya kuufikia upepo.

Ya pili ni ya bomba moja lenye nitrojeni iliyoshindiliwa kwa nguvu kubwa, ikitengwa na oili kwa pistoni ya pili isiyo na mhimili. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alianzisha kampuni ya kuzitengeneza mwaka 1953, na Bilstein ya Ujerumani ikaziingiza katika magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957. Oili yake haipati hewa ya kuchanganyika nayo, wala haitoi povu, na joto lake hutoka moja kwa moja kwenye ukuta wa bomba. Kwa hiyo katika vituta vya mfululizo hukaa na nguvu yake muda mrefu. Lakini ukuta huo huo ndio njia ya pistoni, na jiwe moja la barabara ya machimbo likiubonyeza, pistoni hukwama na shokapu imekwisha. Atakayezichagua hizi na awe na kinga ya chuma mbele ya kila moja.

Ya tatu ni ya mabomba mawili ambayo nafasi ya hewa imejazwa sponji yenye vitundu vilivyofungika, ili oili isipate hewa ya kutengeneza povu. Shokapu za namna hii aghalabu huwa nene, zina pistoni pana na oili nyingi, na hutengenezwa hasa na Waaustralia, ambao nao wana nchi kubwa ya vumbi na vituta. Kwa rai yangu, kwa pikapu ya kazi inayozunguka kati ya Songwa, Kahama na Geita, hii ndiyo ya kutanguliza: hustahimili mawe kama ya kwanza, na hustahimili joto kwa kiasi kinachoikaribia ya pili. Kwa gari la familia au la ofisi linalokaa zaidi katika lami ya Shinyanga na Mwanza na kuingia vijijini mara moja moja, shokapu ya kiwandani au ya mabomba mawili yenye gesi kidogo inatosha kabisa, na fedha itakayobaki inunue matairi.

Bandia, kuukuu na za kujazwa

Jina zuri katika boksi si dhamana. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 imekataza bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani inazikamata, lakini mnunuzi naye ana macho na mikono. Aitazame nondo ya pistoni, ambayo lazima iwe laini, yenye kung'aa, bila ya mkwaruzo hata mmoja. Aitazame michomeo ya vishikio kama imeenea sawasawa. Alinganishe uzito wa mbili za namba moja. Asome namba iliyogongwa au kuandikwa mwilini kama inalingana na ya boksi na ya gari lake. Na achukue risiti ya mashine. Shokapu kuukuu kutoka magari ya mtumba, ijapopakwa rangi ikang'aa, ni mzigo wa taabu za mtu mwingine.

Iko desturi ya kuitoboa shokapu iliyokufa, kuijaza oili na kuichomea tundu lake. Mafundi wanaofanya hivyo ni watu wa akili na mikono mahiri, nao wameanza kwa sababu ya uhaba wa spea. Lakini sili iliyochakaa na valvu iliyolegea hazitengenezeki kwa oili mpya, na shokapu hiyo hufa tena kabla vumbi la safari ya kwanza halijafutwa. Zaidi ya hayo, shokapu yenye nitrojeni iliyoshindiliwa ikitobolewa au kuchomewa huweza kupasuka na kumuua fundi. Hili nalisema kwa nguvu zangu zote: shokapu yenye gesi isitobolewe, isichomewe, wala isitupwe motoni.

Kufunga na kutunza

Shokapu njema hufishwa pia na ufungaji mbaya. Zile za mabomba mawili, zikiwa zimelazwa dukani muda mrefu, huingiwa na hewa mahali pa oili. Kwa hiyo fundi azisimamishe wima, azivute na kuzishindilia mara nne au tano mpaka mwendo wake uwe sawasawa bila ya kuruka, ndipo azifunge. Nondo isishikwe kwa plaizi, kwa sababu mkwaruzo mdogo hukata sili kila ipitapo. Bolti zinazopita katika bushi za raba zikazwe mwisho wakati gari limekwisha kushuka chini juu ya magurudumu yake; zikikazwa gari likiwa bado juu ya jeki, bushi hubaki zimejipinda na huchanika upesi. Zibadilishwe mbili mbili kwa kila ekseli, na baada ya safari za kwanza za vumbi zikazwe tena.

Ukaguzi wake ni mwepesi. Unyevu mwembamba wa oili karibu na sili, ulioshika vumbi, si ugonjwa. Oili inayotiririka mpaka chini ya mwili ni ugonjwa. Kulisukuma gari kwa mikono na kuhesabu linavyodunda hakuna faida kubwa kwa gari zito kama Land Cruiser, kwa hiyo tutegemee kiganja baada ya njia mbovu, macho chini ya gari kila lioshwapo, na matairi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari: tarehe ya kufungwa kwa kila shokapu na kilomita zilizosomeka siku hiyo ziandikwe, ili mwenye gari ajue kwa hesabu, na asiambiwe kwa mdomo tu, ni aina gani iliyomdumia katika njia zake.

Mwenye kumiliki gari la porini katika nchi ya Songwa na machimbo ya Geita amebeba amana kubwa kuliko chuma chake, kwa sababu juu ya gari hilo hupanda wapakiaji, wagonjwa, wanafunzi na jamaa wasioulizwa shokapu imenunuliwa wapi. Namsihi basi, kabla hajatoa shilingi yake dukani, alipeleke gari kwenye mizani likiwa tupu na likiwa limejaa, achague springi kwa uzito huo, achague shokapu kwa springi hizo na kwa njia yake, amkabidhi fundi anayekaza bolti gari likiwa chini, kisha amwamuru dereva wake apunguze mwendo. Akiyafanya hayo matano, shokapu ya bei ya kati itamtumikia vizuri. Akiyapuuza, hata iliyo ghali kuliko zote madukani haitamfaa.